Kichupa cha Kumi na Saba

Pale maabara wote walimwita Mizani, na alikwishazoea kiasi kwamba akiitwa jina lake halisi hugeuka kuangalia anayeitwa ni nani. Jina lilimpata kwa sababu mbili. Kwanza, kazi yake ilikuwa kukaa na ile mashine kubwa inayopima uzito wa vipande vya protini, vitu vidogo mno kiasi kwamba ukitaka kumweleza mtu wa kawaida udogo wake, bora unyamaze tu. Pili, alikuwa mtu wa kupima kila kitu: sukari ya chai, maneno ya watu, hata salamu. Mtu wa namna hiyo akikosea, hakuna anayemshuku, na yeye mwenyewe ndiye wa mwisho kujishuku.

Jumanne hiyo aliingia saa moja na nusu asubuhi, akavaa koti jeupe, akafunga nywele zote ndani ya kofia. Unywele mmoja ukidondokea kwenye sampuli, mashine itakupimia unywele siku nzima na kazi yako itakwenda na maji. Akavuta kiti mbele ya skrini. Tangu jana mashine ilikuwa ikifanya kazi peke yake, vichupa vimekuwa vikipita kimoja baada ya kingine, na majibu yalikuwa yanamsubiri. Alifungua cha kumi na nne, kizima. Cha kumi na tano, kizima. Cha kumi na sita kilikuwa cha mgonjwa, wala hakuhitaji kuambiwa, maana vilele vitano vilikuwa vimesimama wima kwenye mchoro. Akafungua cha kumi na saba.

Vilele vitano. Vile vile, mahali pale pale.

Mizani aliondoa mkono kwenye kipanya kama aliyeguswa na umeme. Damu ya kichupa cha kumi na saba ilikuwa yake.

Ni lazima nieleze hapa, la sivyo utaona mwanamke huyu ameogopa michoro tu. Ndani ya kila seli, protini hutengenezwa, hufanya kazi, huchakaa. Iliyochakaa hubandikwa alama ndogo, na alama hiyo ndiyo amri: peleka kwenye kinu, saga, vipande vitumike tena. Seli yenye afya ni kama mama wa nyumba aliye makini. Anajua kilichobaki kabatini, kilichochacha, na cha kutupa leo kabla hakijanuka. Kwenye ugonjwa waliokuwa wakiuchunguza, ambao watu wa maabara waliuita ugonjwa wa vidole, alama zinabandikwa lakini kinu hakisagi. Taka zinalundikana. Seli inahangaika, inatengeneza vinu vingine, navyo havifui dafu. Protini tano zinaonyesha hangaiko hilo miaka mingi kabla ya kidole chochote kutetemeka. Profesa, mkuu wa maabara, alikuwa amezitafuta protini hizo kwa miaka minane. Alipozipata alicheka, kisha akanyamaza ghafla, kwa sababu dawa haikuwepo, wala hata harufu ya dawa.

Baba yake Mizani alikuwa fundi saa. Siku moja skrubu ilimponyoka, akaitafuta, akaipata, ikamponyoka tena. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Baada ya skrubu vikafuata vifungo vya shati, kisha kijiko, kisha kumeza mate. Lakini Mizani alipomkumbuka baba yake hakukumbuka kitanda cha hospitali. Alikumbuka mlango wa bafuni. Alikuwa na miaka kumi na tano, ametoka shule mchana, akasikia sauti ndogo ikiita. Alipofungua alimkuta baba amekaa sakafuni, ameegemea ndoo, mikono imemlalia mapajani kama mali ya mtu mwingine. Alikuwa humo tangu asubuhi. Kitasa kilikuwa cha duara, cha kuzungusha, na vidole havikuweza kukizungusha. "Samahani mwanangu," baba alisema, "kitasa kimekataa." Alikuwa anatabasamu, na tabasamu hilo ndilo lililomtisha Mizani kuliko chochote maishani.

Mtoto wa mgonjwa ana nusu ya bahati, kama sarafu iliyorushwa juu. Nyumbani kwao zilirushwa sarafu mbili: yeye, na kaka yake anayemzidi miaka mitano. Utafiti wa Profesa ulihitaji makundi matatu, yaani wagonjwa, wazima, na watoto wa wagonjwa ambao bado hawajaonyesha dalili. Mizani alimbembeleza kaka yake waende wote. Waliosaini hawakupewa majibu, na kwenye karatasi palikuwa na kisanduku cha kuulizia: siku dawa ikipatikana, ungependa kuambiwa? Wote wawili walitia alama kwenye "Sitaki kujua", na kaka akairudia ya kwake mara ya pili kwa kukandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka.

Majina yalifungwa kwenye bahasha kabatini kwa Profesa, na nambari peke yake ndizo zilizofika kwenye mashine. Hakuna mchangia damu aliyetakiwa kuijua nambari yake. Mizani aliijua kwa sababu moja tu. Sheria iliyobandikwa ukutani kwa herufi nyekundu ilisema lebo ibandikwe baada ya damu kuingia kichupani, mwenye damu akiwa bado kitini. Yeye aliiona sheria hiyo kuwa ya watu wasiojua kupanga kazi. Watu kumi na wawili walikuwa wanakuja asubuhi moja! Kwa hiyo alibandika lebo zote jioni ya kuamkia siku hiyo, akavipanga vichupa kwenye kibao kwa kufuata orodha, ili nesi awe anachukua tu kinachofuata. Kumi na saba yake, kumi na nane ya kaka. Alijisifu moyoni kwa mpangilio ule.

Sasa alirudi kuutazama ule mchoro. Kitu cha kwanza kumjia akilini, nacho kilikuja kwa kasi kama mtu anayezama anavyoshika jani, ni kwamba mashine imechafuka. Kichupa cha kumi na sita kilikuwa cha mgonjwa, na masalia ya kichupa kimoja huweza kung'ang'ania ndani ya mrija yakajitokeza kwenye kinachofuata. Ndiyo maana kati ya kichupa na kichupa hupitishwa maji matupu mara mbili. Alipekua daftari la jana kwa vidole vilivyokuwa vikitetemeka, akaviona vinatetemeka, akaogopa zaidi. Baada ya kumi na sita: maji matupu, mara moja.

Mara moja! Jana akiipangia mashine kazi alikuwa na haraka ya kumfuata binti yake shuleni, akaruka hatua. Hajawahi mtu kufurahia uzembe wake mwenyewe namna ile.

Akafungua na cha kumi na nane. Kizima, kimetulia kama ziwa. Angalau kaka, akasema kimoyomoyo, na alimaanisha. Lakini hapo hapo akaona maana yake nyingine: kama mrija ulikuwa mchafu, mbona uchafu umeishia kwangu?

Jumatano aliosha mrija kwa maji matupu mara tatu, akatoa tone lililobaki la kichupa cha kumi na saba kwenye friza, akaliingiza. Kipimo kimoja kilichukua dakika tisini. Mtu hawezi kukaa na mashine dakika tisini akiiangalia inavuma. Alifuta meza. Akapanga glovu kwa ukubwa. Akaenda chooni kunawa, akajikuta amesimama mbele ya kitasa, anakizungusha, anakirudisha, anakizungusha, mpaka mtu wa nje akagonga akauliza kama kuna tatizo. Alisema hakuna. Aliporudi, dakika zilikuwa zimebaki ishirini na nne, na alizitumia zote kumwomba Mungu ambaye kwa kawaida alimsumbua mara chache.

Vilele vitano. Safari hii havikuwa na uchafu wa kusingizia.

Usiku wa siku hiyo na mchana uliofuata hakula. Aliachana na mumewe miaka mingi nyuma, kwa wema, na nyumbani walikuwa wawili tu, yeye na binti yake wa miaka saba. Alimvalisha sare asubuhi, kifungo kikamponyoka, akakaa chini palepale sakafuni.

"Mama, umeanguka?"

"Hapana. Nimekaa."

"Mbona umekaa na kifungo changu hujamaliza?"

Akamaliza. Alivihesabu vifungo vyote sita, na kila kimoja alikipa alama moyoni kama mwalimu mkali. Hofu yake ilikuwa na sura mbili, nayo ya pili ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza, kwa sababu kama sarafu yake imeangukia upande ule, basi na ya mtoto huyu mwenye pengo mdomoni ilikuwa bado inazunguka hewani.

Alhamisi mchana alikwenda kwa kaka yake.

Kibanda cha kaka kilikuwa kile kile cha marehemu baba, na meza ile ile iliyokatwa nusu duara ili fundi akae ndani yake. Kaka alikuwa na kioo cha kukuzia jichoni na kibano mkononi, ameinamia saa ya mkono iliyofunguliwa tumbo. Hakuinua kichwa.

"We mtoto, leo hakuna kazi? Au hatimaye wamekufukuza?"

"Kaka, ninao."

Kibano kilitua mezani taratibu. Aliondoa kioo jichoni, na alama ya duara ikabaki imezunguka jicho lake, ikimfanya aonekane kama mtu aliyeshangaa upande mmoja. Hakuuliza "nini". Katika ukoo wao hapakuwa na haja ya kuuliza.

"Umejuaje?"

"Nimejipima. Mara mbili."

Kaka alitoka ndani ya meza, akafunga mlango wa kibanda, akageuza kile kibao cha "Nimefungua", akaja kumkumbatia. Mizani alilia kama hajawahi kulia tangu msiba wa baba. Alilia kwa sauti, hana aibu, na saa zote ukutani zikiendelea kugonga kila moja kwa wakati wake.

"Sikiliza," kaka alisema alipomwacha apumue. "Baba tulimwacha peke yake kwa sababu tulikuwa watoto, hatukujua kitu. Wewe hutaachwa. Unaiona mikono hii? Ni yako. Vifungo nitafunga mimi. Kijiko nitashika mimi. Mtoto wako nitamchana nywele mimi, na atalia, maana nitazivuta."

Mizani alicheka katikati ya kilio.

"Na unavyoogopa vitu!" kaka akaendelea, sasa anajitahidi kuleta utani ili nyuso zao zikauke. "Mtu anayefanya kazi na damu, anaogopa sindano! Siku ile pale kwenu nesi ameshika sindano, wewe umekuwa kijivu kama jivu lenyewe. Ikabidi nikusukume, nikae mimi kwanza ili uone sitakufa."

"Nilikuwa sijala."

"Ulikuwa umekula mayai mawili. Nilikuona."

Mizani alipanguza macho. Kulikuwa na jambo jingine alilotaka kusema, jambo zuri, la pekee katika juma zima. "Kaka, kuhusu wewe..."

Kaka aliinua kiganja. "Hapana."

"Lakini ni..."

"Hata kama ni zuri. Kama ni zuri nitakuangalia kila siku nikijiona mwizi. Na kama ni baya..." Aligeuka kuitazama meza. "Siku nikijua, sitashika saa tena, mdogo wangu. Nitakuwa nakaa hapa naangalia vidole badala ya saa. Nimemwona baba. Mwaka mzima kabla hajashindwa hata kifungo alikuwa ameshaacha kazi kwa woga, maana na yeye alimwona babu. Niachie miaka yangu nifanye kazi. Kama nambari yangu unaijua, ifute kichwani. Niahidi."

Aliahidi. Ilikuwa rahisi kuahidi, kwa kuwa alidhani anamnyima zawadi tu.

Jumatatu ikaja na kazi ya mwisho kabla ya majibu kufungwa. Kila utafiti wa Profesa ulimalizikia hapo: analeta orodha isiyo na majina, nambari na jinsia na umri tu, na mpimaji anahakikisha kwamba damu inakubaliana na orodha. Kuna protini ambayo seli ya mwanamume huitengeneza na ya mwanamke haina kabisa. Ukiikuta kwenye kichupa kilichoandikwa mwanamke, ujue mahali fulani mikono imepishana. Kazi yenyewe ilikuwa ya kuchosha na haijawahi kuleta habari. Mizani aliifanya kwa macho yaliyovimba, akiwa anafikiria shule gani nzuri ina bweni, na nani atamlea mtoto likizo.

Orodha karibu nzima ilipita kijani. Mistari miwili ikawa nyekundu.

Kumi na saba, mwanamke, miaka thelathini na minne: protini ya kiume ipo, tele.

Kumi na nane, mwanamume, miaka thelathini na tisa: haipo.

Alisoma mara tatu. Halafu kitu kikamfunguka kifuani, na kabla akili haijafika, furaha ilifika. Siyo mimi! Alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake. Siyo mimi, siyo mtoto wangu, sarafu ya mtoto haikuwahi hata kurushwa! Alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili na anacheka ndani ya glovu. Alifurahi kwa moyo wote, kwa pumzi kama tatu hivi, na pumzi hizo tatu hatakuja kujisamehe.

Ya nne ilikwama. Ikabidi nikusukume, nikae mimi kwanza.

Nesi alichukua kichupa kinachofuata. Kilichofuata kilikuwa cha kumi na saba, kimeshabandikwa lebo, kimepangwa vizuri na mtu anayejua kupanga kazi. Na aliyekuwa kitini alikuwa kaka.

Aliinua kiti. Alikaa. Ile hofu aliyoishi nayo juma zima ilirudi. Safari hii haikuwa na pa kutulia ndani ya mwili wake. Juma zima alikuwa ameviangalia vidole vyake mwenyewe. Kaka alikuwa na miaka thelathini na tisa, na mkewe, na mapacha wa miaka mitano ambao wakimwona shangazi yao hukimbilia mikoba yake kutafuta pipi. Baba alianza na arobaini na mmoja.

Alikwenda kwa Profesa, mama mwembamba mwenye sauti ya chini ambayo ilifanya watu wamsikilize zaidi. Alimweleza lebo za jioni, kibao, sindano, kiti. Hakujitetea. Profesa alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Ile sheria niliiandika kwa wino mwekundu," alisema.

"Najua."

"Vichupa vyote viwili vinatoka kwenye utafiti. Na wewe nitakuandikia barua, kwa sababu nisipokuandikia wewe sitaweza kumwandikia mwingine." Alikuwa ameshajua, uso wa Mizani ulikuwa umesema kila kitu. "Karatasi zenu zote mbili zilisema sitaki kujua. Sivyo?"

"Mmoja ameshajua."

"Basi mwingine bado ana haki yake," Profesa alisema, akaikunja orodha iliyokuwa mbele yake.

Mizani alitembea nyumbani kwa miguu. Njia nzima alitunga maneno. Kaka, kulikuwa na kosa. Hapo maneno yalikuwa mazuri. Kaka, mimi mzima. Hapo pia. Halafu kaka angeuliza, maana hakuwa mjinga: ulisema damu ina ugonjwa, mara mbili ulipima, sasa kama siyo yako ni ya nani? Na kaka ndiye aliyekuwa naye chumbani siku ile. Na alishataja kwa mdomo wake mwenyewe nani alikaa kwanza. Hapakuwa na namna ya kujitoa mwenyewe bila kumwingiza yeye. Alijaribu kusema mashine imeharibika, imechanganyikiwa, majibu yote ni ya kutupwa, na akajua kaka atafurahi, atapiga kelele, kisha atamtazama machoni. Hajawahi kumdanganya akamaliza sentensi.

Alipofika alikuta mlango wa mbele uko wazi na vumbi la mbao limetapakaa sebuleni. Kaka alikuwa amefunga kibanda mapema. Alikuwa amepiga magoti mbele ya mlango wa bafuni, bisibisi mkononi, penseli nyuma ya sikio, na pembeni yake lilikuwa boksi la vitasa vipya, vile virefu vya kubonyeza kwenda chini. Vya zamani vya duara alikuwa ameshaving'oa vyote na kuvitupa kwenye ndoo.

"Usinisemeshe, nimebakiza hiki," alisema. "Hivi hata bila vidole vinafunguka. Unasukuma kwa kiwiko tu. Nilipaswa kufikiria hili zamani, kwa ajili ya baba. Mtoto mzima mwenye mikono, na bisibisi nyumba nzima, na sikufikiria."

Mizani alisimama na mkoba wake begani. Aliangalia mkono wa kaka. Skrubu ilikuwa ndogo, ameishika kati ya kidole gumba na cha shahada, anaitafutia tundu. Aliisubiri ianguke. Haikuanguka. Iliingia tunduni, ikazunguka, ikakaza, na kaka akachukua nyingine. Nayo haikuanguka. Mizani alitambua kwamba kuanzia leo ataisubiri hivi kila skrubu, kila kikombe, kila pacha atakayerushwa juu na kudakwa, na hataweza kumwambia mtu kwa nini ameacha kupumua.

"Ulisema leo mnamalizia kupima," kaka alisema bila kugeuka. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kupita kiasi. "Sijui... labda ile mashine huwa inakosea?"

Hapo ndipo penyewe. Aliona mabega ya kaka yamesimama, yanasubiri, na akaona jinsi alivyokuwa akiomba kimoyomoyo kwa ajili yake.

"Mashine haikukosea, kaka," alisema.

Mabega yakashuka. Kaka aliikaza skrubu ya mwisho kwa nguvu kuliko ilivyohitaji, akainuka, akafuta mikono kwenye suruali na kumshika uso kwa viganja vyote viwili. Vilikuwa na joto na vumbi la mbao.

"Basi tupo," alisema. "Jaribu mlango wako."

Alijaribu. Alibonyeza kwa kiwiko, mlango ukafunguka taratibu bila kelele. Akaufunga. Akaufungua tena. Machozi yalimtoka na kaka akadhani anajua sababu yake.

"Kaka, weka na kwako."

"Kwangu? Vya nini?"

"Nikija kuwatembelea je? Nifungiwe chooni kwako kama baba? Unataka nimwite wifi aje kunifungulia?"

Kaka alimtazama, na Mizani alijikaza kisabuni asiangalie vidole vyake. Kisha kaka akacheka, cheko la kweli, la kwanza tangu Alhamisi.

"Kweli bwana. Akili yangu imelala wapi." Alichomoa penseli nyuma ya sikio, akageuza kipande cha boksi, akaanza kuhesabu milango ya nyumba yake kwa sauti, jikoni, chooni, chumba cha mapacha, na kila mlango akauandika kwa mkono wake mzuri ulionyooka.